Rili inakwaruza na mkono wake unarudi nyuma tangu niifungue na kuipaka grisi: nimekosea wapi?

Chubwi Zito anauliza:

Wakuu, habari zenu. Nina rili ya kuvulia samaki, ya aina iliyozoeleka zaidi, ile inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo spuli yake, yaani kibiringo kinachohifadhi mshipi, haizunguki wakati wa kukunja mshipi, bali waya wa upinde ndio unaozunguka na kuulaza mshipi juu yake. Nimeitumia kwenye maji chumvi kwa miaka minne bila kuifungua hata mara moja, na huenda hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza. Hivi karibuni ilianza kuwa nzito, nikaona badala ya kuipeleka kwa fundi niifanyie sevisi mwenyewe nyumbani. Nilifungua skrubu za kifuniko cha ubavuni, nikakuta grisi ya kiwandani imeganda na kugeuka kahawia kama gundi iliyokauka, nikaikomba na kuifuta yote kwa kitambaa, kisha nikapaka grisi mpya ya magari kila mahali ambapo kidole changu kiliweza kufika. Niliivua hata rota, ile sehemu inayobeba waya wa upinde na kuzunguka nao, na kupaka chini yake.

Tangu nilipoifunga nina matatizo matatu ambayo awali sikuwa nayo, au pengine nilikuwa nayo bila kuyatambua. La kwanza ni kwamba mkono wa kuzungushia, ambao zamani ulikataa kabisa kurudi nyuma, sasa unarudi karibu robo mzunguko kabla ya kushika, na alfajiri kukiwa na baridi kuna wakati haushiki kabisa. La pili ni mkwaruzo ninaousikia vidoleni kila ninapozungusha, kama kwamba kuna punje ya mchanga ndani. La tatu ni mlio mwembamba wa kulia unaotokea pale tu mshipi unapovuta uzito. Nikizungusha bila uzito, mlio haupo.

Nisisitize kwamba baada ya kuifunga hakuna kipande chochote kilichobaki mezani, kwa hiyo nina hakika sikusahau kitu. Naomba msaada wa mwenye uzoefu.

Fundi wa Jioni anajibu:

Ndugu Chubwi Zito, pole kwa usumbufu. Dalili zako umezieleza vizuri, na kila moja inaelekeza mahali pake. Naomba usishike bisibisi kwanza, kwa sababu rili ikishafunguliwa inaacha kukwaruza, na hapo unakuwa umepoteza ushahidi.

Nianze na mkono unaorudi nyuma, maana hapo nina uhakika zaidi. Chini ya rota kuna klachi ya njia moja. Ndani yake vimepangwa vijiti vya chuma vyembamba kama vipande vya sindano, vikiizunguka pete laini ya chuma, na kila kijiti kimekaa kwenye mteremko wake kikisukumwa na kispringi kidogo sana. Ukizungusha kwenda mbele, vijiti vinarudi upande wenye nafasi na pete inapita bila kizuizi. Ukijaribu kurudisha nyuma, vinasukumwa kwenye upande mwembamba, vinaikaba pete, na mkono unasimama papo hapo. Vispringi hivyo ni dhaifu kwa makusudi. Ukivizamisha kwenye grisi ya magari, vijiti vinanata na kuchelewa kufika mahali pa kukaba, na ucheleweshaji huo ndio robo mzunguko unayoiona. Baridi huifanya grisi kuwa nzito zaidi, ndiyo maana alfajiri hali ni mbaya kuliko mchana. Klachi yako huenda ni nzima kabisa, ila imelishwa kisichowafaa vijiti vyake.

Dawa yake ni kuitoa, kuiosha na kuirudisha karibu ikiwa kavu. Toa spuli, fungua nati inayoshika rota, kisha inua rota. Nati hiyo katika baadhi ya rili ina nyuzi za kushoto, yaani inafunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati ya kawaida hukazwa, kwa hiyo ikikataa usiilazimishe. Tazama mchoro uliokuja na rili. Ukiifikia klachi, itoe pamoja na pete yake ikiwa ndani. Pete ikichomoka peke yake, vijiti humwagika kama mtama, na kuvirudisha kimoja kimoja kwa kibano ni kazi ambayo nimeifanya mara moja na sitamani kuirudia. Itumbukize kwenye spiriti, itikise, badilisha spiriti mpaka ibaki safi, iache ikauke yenyewe, halafu paka pete tone moja tu la mafuta mepesi kama yale ya cherehani, ulitandaze kwa kijiti cha pamba mpaka karibu usilione. Grisi haipaswi kuonekana hapo hata kidogo.

Sasa mkwaruzo. Watu wengi husema tu kwamba rili inakwaruza, lakini swali lenye faida ni kwamba inakwaruza mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Rili yako bila shaka imeandikwa uwiano wake wa gia, tuseme 5.2:1, maana yake mkono ukizunguka mara moja, rota inazunguka mara tano na ushee. Weka alama kwenye mkono, uzungushe polepole sana, na uhesabu. Ukisikia kigugumizi kimoja kwa kila mzunguko, na kila mara mkono ukiwa mahali palepale, tatizo liko kwenye gia kubwa au kwenye beringi mbili zinazoishika pande zote. Ukisikia kama vitano, tatizo limo kwenye vitu vinavyozunguka pamoja na rota, yaani gia ndogo ya rangi ya shaba, beringi iliyo mbele yake, au rota yenyewe kugusa mahali. Ukisikia mkwaruzo unaotokea spuli inapofika mwisho wa kwenda mbele au wa kurudi nyuma, shuku utaratibu unaoipeleka spuli mbele na nyuma. Na ikiwa mkwaruzo hauna mpangilio wowote, mara upo mara haupo, basi huo mara nyingi ni uchafu: punje ya chumvi au ya mchanga inayosafiri ndani ya grisi.

Baada ya kuhesabu, punguza mzigo hatua kwa hatua. Toa spuli, zungusha. Toa rota, zungusha tena. Ikiwa mkwaruzo umetoweka baada ya kutoa rota, umeshajua nusu ya rili ambayo haina kosa.

Jambo moja la mwisho kwa leo. Shika mkono, usiuzungushe, bali usukume na kuuvuta ubavuni, kana kwamba unataka kuuchomoa. Je, unacheza? Nauliza kwa sababu umesema meza ilibaki safi, na meza safi haithibitishi kwamba kila kitu kimerudi ndani.

Mkongwe wa Mwamba anajibu:

Mimi ninavua kwa rili tangu ujana wangu, na naona mnamtia kijana hofu bila sababu. Rili ikianza kukwaruza mimi huitumbukiza nzima kwenye ndoo ya petroli, naizungusha mle ndani mpaka uchafu utoke, naitundika ikauke, napuliza WD-40 pande zote, na kesho yake ninaingia majini. Mambo ya kuhesabu vigugumizi sijawahi kuyafanya.

Fundi wa Jioni anajibu:

Mzee wangu Mkongwe, sina shaka na miaka yako, na rili za zamani zilizokuwa za chuma kitupu ziliweza kuvumilia hayo. Rili nyingi za leo zina sili za mpira, vifuniko vya plastiki na washa za breki, yaani visahani vyenye tundu, za kitambaa au nyuzi za kaboni, na petroli huvimbisha mpira, hulowesha breki na kubeba uchafu kutoka nje na kuupeleka ndani ya beringi ambazo zilikuwa safi. Mvuke wake nao unashika moto kwa cheche ndogo, kwa hiyo ndani ya nyumba siupendi kabisa. Kwa sehemu za chuma zilizokwisha kutolewa, mafuta ya taa yanatosha na hayashiki moto haraka kama petroli, ingawa nayo yafanyiwe kazi penye hewa na mbali na moto. Asetoni usiikaribishe kwenye plastiki hata kidogo, maana inaiyeyusha.

Kuhusu WD-40, jina lenyewe linaeleza kazi yake: ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji, na 40 ni hesabu ya jaribio lililofaulu, mwaka 1953. Inafukuza maji na kulegeza kutu vizuri sana, nami ninayo nyumbani. Lakini sehemu kubwa yake ni kiyeyusho kinachopeperuka, na ikiingia kwenye gia inaiosha grisi iliyokuwapo kisha inabaki utando mwembamba usioweza kubeba mzigo wa meno yanayosagana. Ukiipuliza leo utasikia rili imelainika. Baada ya muda gia inazunguka chuma kwa chuma.

Dada Ufito anajibu:

Nimesoma kwa makini na nina la kuongeza kuhusu tatizo la tatu, ambalo Fundi hajaligusa. Mlio unaotokea pale tu mshipi unapovuta uzito, nami naomba nisadikiwe kwa sababu ulinitesa msimu mzima, mara nyingi hautoki ndani ya rili. Kwenye mwisho wa waya wa upinde kuna kigurudumu kidogo ambacho mshipi hupinda juu yake kabla ya kuingia kwenye spuli. Ndiyo sehemu inayopigwa na maji ya chumvi kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa kila mita ya mshipi inayotoka majini hukamulia maji yake hapo, na ndani yake mna beringi ndogo kuliko zote au kijibomba cha plastiki.

Jipime hivi. Chukua kalamu ya wino mzito, weka kitone kimoja kwenye kigurudumu hicho, kisha mwombe mtu ashike mwisho wa mshipi na kuuvuta kwa nguvu ya wastani huku wewe ukikunja. Usitazame kitu kingine, tazama kitone. Kikizunguka, kigurudumu ni kizima. Kikisimama palepale huku mshipi ukiteleza juu yake, kigurudumu kimekwama na mshipi wako unajikwangua kwa kila mzunguko. Kwangu kitone hakikutikisika, na nilipokifungua nikakuta chumvi nyeupe imejaa ndani kama chokaa na mfereji mdogo umechimbika pale mshipi ulipokuwa ukipita. Kabla ya hapo nilikuwa nikiilaumu mishipi ninayonunua kwamba inakatika ovyo.

Chubwi Zito anajibu:

Ndugu Fundi, dada Ufito, na wewe mzee Mkongwe, nawashukuru. Nimefanya kama mlivyoelekeza, na nina majibu ambayo mengine yananiaibisha.

Kigugumizi ni kimoja kwa kila mzunguko wa mkono, na kila mara kinatokea mkono ukiwa umeelekea juu. Nilitoa spuli, kikabaki. Nilitoa rota, kikabaki. Mkono nao unacheza ubavuni, si sana, lakini ukiuvuta unasikika "tik" na ukiusukuma unasikika "tik" nyingine. Nikafungua kifuniko tena, nikatoa gia kubwa, nikaona meno yake hayajalika ila upande mmoja yanang'aa kuliko mwingine.

Maneno kuhusu meza safi yalinikera mwanzoni, nakiri. Kisha nikakikumbuka kile kitambaa nilichofutia grisi ya zamani, ambacho bahati njema nilikuwa nimekitupia kwenye ndoo ya matambara badala ya jalalani. Nilikikunjua juu ya gazeti. Katikati ya bonge la grisi ya kahawia kulikuwa na duara la chuma, jembamba kiasi kwamba nilipolisafisha na kuliweka mezani, pumzi yangu ililisogeza. Lina tundu linaloingia sawasawa kwenye mhimili wa gia kubwa. Nilikuwa nimelifuta nikidhani ni sehemu ya uchafu.

Kitone cha dada Ufito nacho hakikuzunguka. Kilisimama kunitazama.

Maswali yangu sasa ni haya. Duara hilo linakaa upande gani wa gia? Beringi nizisafishe au ninunue mpya? Na kwa kuwa mambo yote yameshakuwa wazi mezani, nauliza pia kuhusu breki, ambayo siku hizi samaki akivuta haiachii mshipi kwa ulaini bali inashika, inaachia, inashika tena.

Fundi wa Jioni anajibu:

Hongera kwa kukitunza kitambaa, ndugu yangu. Duara hilo ni washa ya kurekebishia nafasi, na zipo za unene mbalimbali, nyingine sehemu ya kumi tu ya milimita. Kazi yake ni kuisogeza gia kubwa ubavuni mpaka meno yake yakutane na yale ya gia ndogo kwa kina kilichokusudiwa. Ikikosekana, gia inayumba, meno yanakutana kwa ncha badala ya mashavu, na matokeo yake ni kule kung'aa kwa upande mmoja ulikokuona. Umeiwahi. Ungeendelea kuvua samaki wakubwa kwa hali hiyo, meno yangeanza kulika, na hapo gia zingebadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa gia mpya haikubaliani na mwenzake aliyezeeka.

Kama huna mchoro unaoonyesha upande wake, jaribu kwa mikono. Iweke upande wa kifuniko, funga skrubu zote, zungusha. Kama mkono hauchezi ubavuni na mzunguko ni mwepesi, umepata. Kama mkono umekuwa mzito au unakwama, hamisha upande wa pili ujaribu tena. Jaribio hili lifanywe kabla ya kupaka grisi, kwa sababu grisi huficha kasoro ndogo kwa siku kadhaa kisha huirudisha ukiwa majini.

Kuhusu beringi, zitoe uzioshe kabla ya kuamua. Nyingi zina vifuniko vya pembeni. Zilizoandikwa ZZ zina vifuniko vya chuma, na zilizoandikwa 2RS zina vya mpira, ambavyo huinuliwa taratibu kwa ncha ya sindano. Vya chuma vingine vimeshikwa na kipete cha waya kinachotoka kwa sindano hiyohiyo, na vingine vimebanwa moja kwa moja, hivyo usivichokonoe. Loweka beringi kwenye spiriti, ikung'ute, iache ikauke. Kisha ichomeke kwenye kijiti cha kuchokolea meno kilichokaza, uizungushe kwa kidole huku umeisogeza karibu na sikio. Beringi kavu lazima ipige kelele kidogo, hilo lisikutishe. Unachosikiliza ni kama inasimama polepole na kwa ulaini, au inasimama kwa kushtuka kana kwamba imeingia shimoni. Inayoshtuka ina gololi au njia iliyoliwa na kutu, na hakuna mafuta yatakayoiponya. Iliyo nzima mpe matone mawili ya mafuta mepesi, basi.

Zilizokufa zinabadilishwa kwa vipimo vitatu: tundu la ndani, kipenyo cha nje na upana, vyote kwa milimita. Beringi iliyoandikwa MR115, kwa mfano, ni 5 kwa 11 kwa 4, na MR74 ni 4 kwa 7 kwa 2.5. Huhitaji kuzinunua kwa jina la kampuni ya rili yako, ilimradi vipimo vinalingana na chuma chake ni kile kisichoshika kutu haraka.

Grisi yako ya magari iondoe yote. Hata kwenye gia, ambako grisi inahitajika, ile ni nzito mno kwa chombo kidogo hivi. Tafuta grisi ya rili, au grisi nyepesi inayostahimili maji chumvi, uipake kwa brashi ndogo kwenye meno mpaka mabonde yake yafunikwe bila kufurika. Kwenye gia na mhimili wake ni grisi. Kwenye beringi ndogo, kigurudumu cha mshipi na vifundo vya mkono ni mafuta. Kwenye klachi ni ule utando usioonekana. Halafu kila skrubu inayoingia kwenye mwili wa alumini ipake grisi kidogo kwenye nyuzi zake. Chuma cha pua na alumini zikikutana kwenye maji chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe utakaouona kuzunguka vichwa vya skrubu ni alumini yenyewe ikiondoka.

Na ukinunua bisibisi mpya kwa kazi hii, angalia kama rili yako ni ya Kijapani. Skrubu zake nyingi hufuata kipimo cha JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, ambacho bisibisi ya nyota ya kawaida hukaa juu yake kwa kulegalega na kukilamba kichwa. Wengi hudhani skrubu ni laini, kumbe bisibisi ndiyo haiingii mpaka chini.

Dada Ufito anajibu:

Breki naomba niijibu mimi, kwa kuwa ndiyo sehemu ninayoifungua mara nyingi zaidi. Toa nobu iliyo juu ya spuli, utaona ndani kipete cha waya kinachoshikilia rundo la washa. Kabla ya kukitoa, andaa kijiti kirefu au waya ulionyooka. Kila washa unayoitoa ivishe kwenye waya huo kwa mpangilio uleule na upande uleule, ya juu kwanza, kwa sababu rundo lina washa za chuma zenye masikio yanayoshika kwenye spuli, nyingine za chuma zenye tundu lililonyooka pembeni linaloshika kwenye shafti, na katikati ya kila mbili kuna washa ya kitambaa au ya kaboni. Ukichanganya mpangilio, breki ama haishiki ama inashika moja kwa moja.

Kushika na kuachia ulikokueleza kunatokana mara nyingi na mambo mawili: maji chumvi yaliyokaukia kwenye washa, au washa za kitambaa zilizobanwa mfululizo mpaka zikawa bapa na ngumu. Nahisi kwako ni yote mawili, nami naomba unisahihishe kama huwa unailegeza breki baada ya kuvua. Washa za chuma zifute kwa spiriti na uziangalie kwenye mwanga kama zimepinda. Za kaboni zioshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, zikaushwe kabisa, kisha zipakwe utando mwembamba sana wa grisi maalumu ya breki ikiwa mtengenezaji anaruhusu, maana zipo zinazotumika kavu. Za kitambaa zilizokauka na kuwa ngumu hazifufuki, zibadilishwe.

Ukishaifunga, usiipime kwa kuvuta kwa vidole. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, shika fimbo kama unavyoishika ukivua, uvute mpaka breki iachie, na usome. Kipimo ambacho wavuvi wengi hukianzia ni robo ya nguvu ya mshipi, au kuzidi kidogo mpaka asilimia 30. Kwa mshipi wa kilo 8, breki iachie kwenye kilo 2 au 2.4. Na mshale wa mizani ndio utakaokwambia kama umefaulu: ukiruka na kuanguka, washa bado zina tatizo, ukitulia mahali pamoja wakati mshipi ukitoka, breki imekuwa laini.

Mkongwe wa Mwamba anajibu:

Petroli nimeikubali kwamba ni hatari, na wajukuu wapo nyumbani. Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, mimi bado ninaitumbukiza rili kwenye ndoo ya maji baridi kila nirudipo, na ninyi mtasema nini? Pili, nina rili ya aina nyingine, ile inayokaa juu ya fimbo na spuli yake inazunguka yenyewe, ina kijidirisha kinachokwenda kushoto na kulia kikipanga mshipi. Kijidirisha kimesimama.

Fundi wa Jioni anajibu:

Mzee, kwenye ndoo chumvi ya nje huyeyuka kwanza, kisha maji yale yale yenye chumvi huingia polepole ndani kupitia kila upenyo, yakitoka maji lakini chumvi ikibaki. Bomba la kasi nalo halifai, linasukuma chumvi na mchanga mpaka kwenye beringi. Kaza breki hadi mwisho ili maji yasipenye kwenye washa, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kwa mtiririko mwepesi kwa muda mfupi, zungusha mkono mara chache, kung'uta, futa, kisha ilegeze breki kabisa na uiache rili kivulini ikauke. Breki ibaki imelegea mpaka siku ya kwenda majini tena. Kigurudumu cha mshipi kipe tone la mafuta kila baada ya kuvua kwenye chumvi.

Kijidirisha chako kinaendeshwa na kijino kidogo cha chuma kinachopita kwenye mifereji iliyokatana ya nondo yenye umbo la skrubu. Chini ya kijidirisha kuna kifuniko kidogo; kifungue, kijino kitaanguka kiganjani mwako. Kama ncha yake imelika na kuwa butu, badilisha kijino. Kama ni kizima, sugua mifereji kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa mpaka uone chuma, kwani mchanga hupenda kujificha kwenye njia panda za mifereji hiyo, kisha weka mafuta mepesi. Grisi nzito hapo hukusanya mchanga.

Chubwi Zito anajibu:

Narudisha taarifa. Washa nyembamba ilikaa upande wa kifuniko. Upande wa pili mkono uligoma kuzunguka. Klachi imeoshwa mara tatu mpaka spiriti ikabaki safi, na sasa mkono ukirudishwa nyuma unasimama bila hata upana wa unywele. Beringi mbili za gia kubwa ni nzima. Breki nilikuwa siilegezi, dada Ufito, umepatia, na washa mbili za kitambaa zimebanwa zikawa kama kadi ngumu, kwa hiyo nimeagiza nyingine.

Beringi ya kigurudumu cha mshipi ilivunjika nilipoitoa, gololi zikasambaa sakafuni. Nimepima nyumba yake, ni 4 kwa 7 kwa 2.5. Swali langu la mwisho: ninunue yenye vifuniko vya chuma au vya mpira?

Dada Ufito anajibu:

Ya mpira, kaka, kwa kigurudumu cha mshipi kinacholoweshwa kila saa. Itazunguka kwa uzito kidogo zaidi ukiijaribu mkononi, lakini mshipi ukivuta hutauhisi. Nunua mbili, na ya pili ihifadhi pamoja na ule mchoro wa rili. Kitone cha kalamu usikifute.